Mwalimu Aliyeogopa Kukosea

Kila kopo jikoni kwa Mwalimu lilikuwa na jina, na jina lenyewe liliandikwa mara mbili: kwenye mfuniko na ubavuni. Chumvi, chumvi. Sukari, sukari. Majani ya chai pia, ingawa mtu yeyote mwenye pua angeyajua hata gizani. Siku ya kwanza nilipoingia kuazima kiberiti nilidhani anaishi na mzee anayesahau. Alikuwa peke yake. Nikamuuliza kwa nini anaandika mara mbili.

"Mifuniko inahama, Mama Luse," akajibu, akanipa kiberiti.

Tulikuwa wapangaji wa nyumba moja Tunduma, mlango wake ukitazamana na wangu, ua katikati. Yeye alifundisha baiolojia shule ya sekondari. Mimi nilikuwa navuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kuleta vitenge na mafuta ya kupikia, nauza sokoni. Ilikuwa ile miaka ambayo biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mtu mjini ananunua au anauza. Hata mchungaji wetu alikuwa na meza ya betri. Malori yalipanga foleni kutoka geti la mpaka hadi nje ya mji, na vumbi lake lilitufuata mpaka kwenye unga. Katikati ya watu hao wote wenye haraka, Mwalimu hakuwa na haraka na hakuuza kitu. Alitembea kwa miguu, kitabu kwapani, pembeni kabisa ya barabara, kama mtu aliyeazimwa barabara hiyo na anatakiwa kuirudisha.

Jina lake sitalitaja. Asingependa. Alikuwa mtu wa kuona haya kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye karibu, na siyo haya za upole ambazo watu huzisifu. Zilikuwa haya zinazouma. Ukimsalimia ghafla alishtuka kama umemkamata na kitu. Ukimsifu alitafuta mahali pa kuangalia. Nami nilikuwa na aibu zangu za wakati ule, kwa hiyo tulielewana upesi bila kuambiana chochote. Watu wenye aibu wanajuana kama walevi wanavyojuana.

Wanafunzi walimwita Bwana Sijui. Mdogo wangu Eliza, aliyekuwa anaishi kwangu na kusoma pale shuleni, alinisimulia jinsi mkaguzi alivyokuja siku moja akakaa nyuma ya darasa. Mvulana mmoja akauliza kwa nini nywele za wazee huwa nyeupe. Mwalimu akafikiri, akasema sehemu anayoijua, kisha akasema, "Baada ya hapo sijui." Mkaguzi alimwita nje akamwambia kwamba mwalimu hasemi neno hilo mbele ya watoto. Mwalimu akarudi darasani, akaomba radhi kwa kuchelewa, akaendelea. Kipindi hakijaisha alikuwa amelisema tena.

Siku nyingine walichemsha majani ya mti na kuyatia dawa ili yageuke rangi. La Eliza halikugeuka. Akaandika kwamba limegeuka bluu, maana kitabu kilisema hivyo.

"Uliona bluu?" Mwalimu akamuuliza.

"Hapana, Mwalimu. Lakini ndiyo jibu."

"Jibu ni ulichokiona."

Hakumchapa. Eliza alisema afadhali angemchapa, kwa sababu Mwalimu aliligeuza lile daftari huku na huku kwa muda mrefu. Akawaambia darasa zima kwamba kukosea si dhambi, kila mtu hukosea, ndivyo mtu anavyojifunza. Aliwaambia maneno hayo mara nyingi, na naamini aliyaamini kwa ajili yao. Kwa nafsi yake hakuyaamini hata kidogo.

Nina ushahidi. Mwaka mmoja alijumlisha vibaya alama za msichana fulani akamnyima daraja lake. Alipogundua shule ilikuwa imefungwa. Mtu mwingine angengoja ifunguliwe. Mwalimu alipanda lori la mahindi mpaka Ruanda, kule Mbozi, akauliza nyumba hadi nyumba mpaka akafika kwa baba wa yule msichana, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Akasimama uani akasema amekuja kuomba radhi. Baba, ambaye hakuwa na habari za alama zozote, aliona mwanamume mzima, mseja, amevaa koti, amekuja kutoka mbali kumzungumzia binti yake. Akamkaribisha kiti na kutuma aitwe mjomba wa mtoto. Ilichukua muda mrefu kumweleza kwamba si posa. Mwalimu alirudi akiwa na kuku ambaye hakuweza kumkataa, na wiki nzima hakutoka chumbani isipokuwa kumpa kuku maji.

Tulicheka sana nyumba nzima. Mimi nilicheka pia, lakini nilijiuliza ni mtu wa namna gani anayebeba kosa dogo kiasi kile mpaka Ruanda.

Ilisemekana kwamba alikaa Ulaya miaka mingi akisomea udaktari wa kisayansi, si wa kutibu. Alipohamia Tunduma watu walijaribu kumwita Daktari, na kila aliyejaribu alisahihishwa: "Mimi ni mwalimu. Sikumaliza." Alilitamka neno hilo, sikumaliza, kama mtu anavyotamka kwamba aliwahi kufungwa.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Mwalimu hakuthubutu kumsahihisha, mama yake mzazi. Bibi alikuja kutoka Ileje, upande wa Isongole, akiwa na viazi na ndizi, koti la kiume limevaliwa juu ya kitenge hata kukiwa na joto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Daktari yupo?"

Mwalimu akilisikia neno lile ndani, alichelewa kidogo kufungua mlango. Bibi alinisimulia kwamba mwanawe aliporudi kutoka Ulaya baba yake alichinja ng'ombe, na kijiji kizima kilikula nyama. "Yeye hakula," alisema. "Alisema tumbo."

Safari moja alikuja na mwanamke wa kijijini kwake, mguu umevimba mpaka kiatu hakiingii. Amemleta kwa Daktari wake. Mwalimu akapiga magoti pale uani, akautazama ule mguu kwa heshima, akasema, "Mama, mguu huu unahitaji daktari." Bibi akacheka. "Na wewe ni nani?" Mwalimu akainuka. Alimshika yule mama mkono, akaenda naye polepole mpaka zahanati, akakaa naye kwenye foleni mpaka akaonwa. Jioni Bibi alimwambia kila aliyepita kwamba mwanawe ametibu mguu kwa kuwaagiza vijana wake wa zahanati.

Alipoondoka nilimwambia Mwalimu, "Si umwambie tu?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hukumaliza."

Akatikisa kichwa. "Ng'ombe ameshaliwa, Mama Luse."

Sasa niseme habari za mwanangu, kwa sababu bila yeye nisingemjua Mwalimu zaidi ya makopo yake.

Tulipohamia pale, Lusekelo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Alikuwa na madoa meusi madogo usoni na mikononi, kama mtu amemnyunyizia ulezi. Jua likimpiga alilia na kufumba macho, na jioni ngozi yake ilikuwa moto, inabanduka. Nilimpaka kila mafuta yaliyouzwa pande zote mbili za mpaka. Ndugu wa mume wangu walisema katika ukoo wao hakijawahi kuonekana kitu kama kile, yaani kimetoka kwetu. Sokoni mwanamke mmoja aliniambia, bila kuulizwa, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," kana kwamba nilikuwa nimeficha kitu, wakati mtoto nilikuwa naye mgongoni, wazi kwa kila mtu.

Mume wangu hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya. Aliona aibu tu. Nilimwona siku moja akitoka naye dukani, amemgeuzia uso kifuani ili asionekane. Baadaye alisema anakwenda Kopabelti, kwenye migodi ya Zambia, kutafuta kazi. Mwanzoni salamu zilikuja kwa madereva, kisha madereva wakawa wanasema hawajamwona.

Nikabaki na biashara na mtoto. Eliza alikuwa shuleni, kwa hiyo Luse nilikwenda naye sokoni. Meza yangu haikuwa na paa. Alikaa kwenye boksi pembeni ya vitenge, kutwa.

Jioni moja Mwalimu alisimama mlangoni kwangu, hataki kuingia wala kuondoka. Luse alikuwa na kidonda kwenye kope ya jicho la kushoto, kimekaa muda hakiponi. Mwalimu alianza kusema akiangalia kizingiti.

"Mtoto asitoke tena juani. Hata kidogo. Kesho tunakwenda Mbeya, hospitali kubwa. Nitawasindikiza."

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Ni ugonjwa ambao ninaufahamu."

Tulikwenda, Luse nimemfunika kitenge kizima kama mzigo. Daktari wa Mbeya alimsikiliza Mwalimu, akamchunguza mtoto, akasema Mwalimu yuko sahihi, na kwamba jicho lile limechelewa. Walilitoa. Muda wote huo Mwalimu alikaa kwenye benchi la korido, mikono katikati ya magoti. Nilidhani anatuonea huruma, nikamnunulia chai. Hakuinywa.

Tuliporudi nilimuuliza alijuaje. Tulikuwa tumekaa uani, Luse amelala ndani kichwa kimefungwa bendeji. Ndipo akanisimulia habari za Ulaya, mara moja tu, na hakurudia tena.

Alisema mwili wa mtu umejengwa kwa seli, na ndani ya kila seli kuna kama uzi mrefu ulioandikwa namna ya kumtengeneza huyo mtu. Seli zinajigawa, moja inakuwa mbili. Jua linaukata na kuukunja ule uzi kila siku, kwangu, kwake, kwa kila mtu. Lakini seli haijigawi ovyo. Kabla ya kujigawa inasimama, inajikagua.

"Kama getini," nikasema.

"Kama getini. Gari bovu halivuki. Linasimama mpaka fundi aje. Kwangu na kwako fundi anakuja. Kwa Luse seli inasimama vilevile, inajua kwamba kuna tatizo, inangoja. Fundi haji. Nyingine zinakufa hapohapo. Nyingine zinavuka na ubovu wake, na hizo ndizo zinageuka saratani."

Nikamuuliza ni kosa la nani, maana hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Akasema si la mtu. Mimi na baba yake kila mmoja alibeba nusu bila kujua, nusu peke yake haina madhara, na mtoto alikutana na zote mbili. Nililia pale. Nilikuwa sijawahi kuambiwa kwamba si kosa.

Kazi yake Ulaya, alisema, ilikuwa kuotesha na kulisha seli za ngozi ya mtoto mwenye ugonjwa huohuo. Alizimulika mwanga mkali, akaangalia zinasimama vipi, zinakaa muda gani, zinaondokaje.

"Huyo mtoto ulimwona?"

"Sikuwahi. Nilijua ngozi yake tu. Baadaye nikagundua hata hiyo sikuwa naijua."

Seli zile zilikaa kwenye vichupa vidogo. Seli za mtu mwingine, zenye nguvu, zinazoota kama magugu, ziliingia kwenye kichupa chake. Pengine tone moja, pengine mfuniko uliowekwa si mahali pake. Zikazila zile dhaifu mpaka zikabaki zenyewe. Naye hakujua. Kwa muda mrefu aliangalia seli za mtu mwingine na kuandika kwamba ni za mtoto mgonjwa. Alichokigundua kilichapishwa, watu wa nchi nyingine wakakisoma na kukijengea kazi zao. Kisha siku moja akafanya kipimo ambacho alipaswa kukifanya mwanzoni, akaona.

"Wakakufukuza," nikasema.

"Hapana. Mama aliyekuwa ananisimamia alisema inatokea. Aliniambia tuandike kuwaomba watu radhi, tuifute ile makala, tuanze upya. Tuliandika. Hakuna aliyenifukuza. Ila nilikuwa siwezi kuingia katika lile jengo. Nikifika mlangoni miguu inageuka. Nikarudi nyumbani."

Hapo nikaelewa makopo. Nilidhani nimeelewa yote.

Luse alipofika umri wa shule, Mwalimu akawa mwalimu wake. Alizungumza na mwalimu mkuu wa shule ya msingi, madirisha ya darasa la Luse yakawekwa mapazia mazito, na asubuhi, kabla jua halijapanda, alimpeleka mwenyewe chini ya mwavuli mweusi. Mimi nilishona kofia yenye kitambaa kinachoshuka mpaka mabegani. Watoto walimwita Luse Ninja, na kwa bahati alilipenda jina hilo. Siku ambazo madoa yalikuwa yamekatwa na hawezi kwenda shule, Mwalimu alikuja jioni, jua likishazama, akamfundisha hesabu na Kiingereza kwenye meza yetu. Hakukosa. Hata alipokuwa na homa alikuja, akakaa mbali kidogo asimwambukize.

Mjini nilimsimulia kila mtu: Mwalimu alikitazama kidonda cha mwanangu mara moja tu akautambua ugonjwa ambao manesi wa kliniki hawakuujua. Kanisani nilimwombea kwa jina. Alipoambiwa kwamba nimefanya hivyo, alinikwepa kwa siku kadhaa.

Luse ndiye aliyeona jambo ambalo mimi sikuliona. Alikuwa na miaka kama tisa.

"Mama, kwa nini Mwalimu ananifundisha akiangalia ukuta?"

Nikamwambia ni haya zake tu, anamwangalia kila mtu hivyo. Luse akasema hapana, Mwalimu humwangalia Eliza usoni.

Alistaafu Luse akiwa kijana. Hakuaga. Asubuhi moja mlango wake ulikuwa wazi, chumba kimefagiliwa, makopo yote yamepangwa kwenye kizingiti changu, yameoshwa. Wenye nyumba walisema amerudi kwao Ileje. Nilituma salamu mara nyingi, zikarudi salamu fupi. Luse alijifunza ufundi wa simu, akapanga chumba kimoja karibu na stendi, akafunika dirisha kwa turubai. Wateja walimzoea. Alikuwa anakatwa vivimbe mara kwa mara, pua yake ilikuwa imepungua upande mmoja, lakini alikuwa hai, na daktari wa Mbeya aliniambia kwamba wengi wenye ugonjwa ule huku kwetu hawafiki umri wake.

Tukapata habari kwamba Mwalimu ameanguka kwa presha, mkono mmoja umelegea. Luse akasema, "Twende."

Tuliondoka na gari la alfajiri tukafika Isongole ukungu bado mzito, jambo zuri kwa Luse. Tungekaa ndani mpaka jioni, kisha turudi jua likizama. Mwalimu alikuwa amekonda. Binti wa dada yake, aliyekuwa akimtunza, alitupa chai na viazi vya kuchemsha akatoka kwenda shambani. Bibi alikuwa ameshafariki. Tulizungumza habari za Tunduma, nani amejenga, nani amehamia Zambia. Mwalimu alijibu neno mojamoja, na mkono wake mzima ulikuwa ukisugua ule uliolegea.

Kisha akasema, "Mama Luse, acha kunishukuru kanisani."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Nilijua tangu siku mnahamia. Mlikuwa mnashusha vitu kwenye mkokoteni. Alisimama juani akafumba macho. Niliona madoa. Nilijua siku ileile."

Sikuelewa mara moja. Nikaanza kuhesabu kichwani: siku ya mkokoteni, mvua zile, mavuno yale, mvua nyingine, kile kidonda.

"Ilipita zaidi ya mwaka," nikasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unamwona kila siku naondoka naye kwenda sokoni."

"Ndiyo. Kila siku nilisema nitazungumza jioni. Nilikuwa nimeshasimama mbele ya watu kule Ulaya nikasema ninaujua ugonjwa huu, na nilikuwa sijui. Nikaogopa kusimama tena. Nikajiambia pengine ni upele tu, mimi ni nani wa kumtisha mzazi. Mpaka nilipoona kidonda."

Nilitaka kupiga kelele, lakini kilichokuja ni aibu, na nilishindwa kujua ni ya nani. Nilikumbuka ile chai ya hospitali. Nilikumbuka nilivyokuwa namsifu, na yeye akisikia, na akinyamaza.

"Baba yake aliona aibu, akaondoka," nikasema. "Wewe uliona aibu, ukanyamaza. Aliyekaa juani ni mtoto."

"Ndiyo," akasema Mwalimu.

Nikasimama, nikachukua mkoba wangu, nikafungua mlango. Ukungu ulikuwa umeondoka. Jua lilikuwa limejaa uani, mabati ya jirani yanawaka. Nilifika mpaka kwenye ngazi ndipo nikakumbuka kwamba mimi naweza kuondoka na mwanangu hawezi. Nilisimama pale muda, watu wakipita wananisalimia, nami nawaitikia. Kisha nikarudi ndani na kufunga mlango, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Tukakaa. Sijawahi kukaa mchana mrefu kama ule. Hatukuweza kuachana. Mwalimu alikuwa analia kimya, machozi ya upande mmoja yanamshinda kufuta, na mimi sikumfutia. Mwishowe Luse akavuta kigoda chake akakaa mbele ya Mwalimu, karibu kabisa.

"Mwalimu, umenifundisha miaka yote ile. Hujawahi kuniangalia."

"Najua."

"Niangalie."

Akavua kofia, akavua miwani, akafungua ule mtandio ambao hata dukani kwake havui. Mimi mwenyewe huwa naangalia kwa haraka ninapomsaidia kupaka dawa. Mwalimu akainua uso. Mwanzoni nilidhani hataweza. Lakini akaangalia: lile jicho lisilokuwepo, pua, midomo iliyopasuka, makovu ya visu vya Mbeya moja baada ya jingine. Aliangalia polepole, mpaka pumzi yake ikatulia, na nadhani hakuwa akimwangalia Luse peke yake, bali na yule mtoto wa Ulaya ambaye hakuwahi kumwona. Kisha akauliza, kwa sauti ya darasani ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi, "Geuka kidogo. Hapa nyuma ya sikio. Hiki kina muda gani?"

Luse akapapasa. Hakuwa anakijua. Mimi pia sikuwa nimekiona. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, chini ya nywele.

"Nendeni Mbeya kesho," Mwalimu akasema. "Si wiki ijayo. Kesho."

"Una hakika ni kibaya?" Luse akamuuliza.

"Sina hakika yoyote."

Jua lilipozama tukaondoka. Sikumuaga vizuri. Nilimwambia "haya, Mwalimu," basi. Sikujua kama nimemsamehe, na sijui hata sasa kama neno hilo ndilo linalofaa. Lakini kesho yake tulikwenda Mbeya.

Daktari alikikata, akakituma kupimwa, tukaambiwa tungoje. Majibu yalipokuja kwa simu tulikuwa dukani kwa Luse, naye ana simu ya mteja imefunguliwa mezani, kwa hiyo niliyapokea mimi. Nikakaa kwenye kigoda chake. Nikampigia Mwalimu. Binti wa dada yake akapokea, akamwekea simu sikioni.

"Mwalimu," nikasema, "ulikosea."

Nikaisogeza simu karibu na mdomo.

"Ni kinyama tu. Si saratani. Ulikosea."

Nilidhani mtandao umekatika, nikaitazama simu. Nilipoirudisha sikioni alikuwa yule binti.

"Mama, umemwambia nini Mjomba?" akauliza. "Anacheka, na machozi yanamtoka. Anasema useme tena."

Nikamwambia amrudishie simu. Nikasema tena.